Tuufuate Uvumi Mpaka Chemchemi Yake



Iko mithali tuipendayo sana: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Leo twataka kuipima mithali hiyo kwa habari ya kweli iliyotukia Uingereza mwaka 1914, habari ya mtu mkubwa aliyevumishwa kuwa mpelelezi wa adui. Tutaufuata uvumi huo kama mtu apandavyo na mto, mpaka tuione chemchemi yake.

Mtu huyo ni Mwana-mfalme Louis wa Battenberg. Alizaliwa Graz, katika nchi ya Austria, mwaka 1854, katika ukoo wa Kidachi. Mwaka 1868, mwenye umri wa miaka 14, akawa raia wa Uingereza, akaingia katika kazi ya manowari. Akapanda daraja kwa daraja, na mwisho wa mwaka 1912 akawekwa kuwa afisa mkuu wa manowari zote za Waingereza.

Mwezi wa Julai 1914 manowari hizo zilikuwa zimekusanyika kwa mazoezi, nazo zilikuwa karibu kutawanyika. Tarehe 26 waziri wake, Bwana Winston Churchill, hakuwako London. Louis akaona vita vyakaribia, akatoa amri zisitawanyike. Vita vilipoanza tarehe 4 Agosti, zilikuwa tayari. Mtu aliyefanya kazi hiyo ndiye aliyeitwa mpelelezi wa Wadachi kabla miezi mitatu ya vita haijatimia.

Uvumi huo ulitoka wapi? Tukipanda na mto twakuta vijito vitatu.

Cha kwanza ni msiba. Tarehe 22 Septemba manowari moja ya Kidachi, iendayo chini ya maji, ilizamisha manowari tatu za Waingereza, Aboukir, Hogue na Cressy, wakafa watu zaidi ya 1,400. Watu wenye msiba hutafuta wa kumlaumu.

Cha pili ni ujamaa. Jina lake lilikuwa la Kidachi, na dada wa mkewe ameolewa na ndugu yake Kaiser mwenyewe. Hayo yalikuwa kweli, wala hayakufichwa. Lakini ukoo si tendo.

Cha tatu ni magazeti. Mwezi wa Oktoba gazeti la John Bull, la Bwana Horatio Bottomley, lilimshambulia kwa sababu ya damu yake. Watu nao wakaambiana ya kuwa amekwisha fungwa katika ngome kuu ya London, hali yu huru kazini kwake.

Hapo ndipo juu ya mto, wala hakuna chemchemi. Hapakuonyeshwa barua aliyomwandikia adui, wala hapakutokea shahidi aliyemwona akitoa siri.

Hata hivyo uvumi ulitimiza kazi yake. Tarehe 27 Oktoba mwana wa nduguye, Maurice, aliuawa vitani huko Ypres akiwapigania Waingereza. Kesho yake Louis akaandika kuomba kuacha kazi, akisema kuzaliwa kwake kumekuwa kizuizi, Serikali ikakubali. Alikuwa ametumika miaka 46. Mwaka 1917 aligeuza hata jina la ukoo likawa Mountbatten, naye akafa mwaka 1921. Bwana Bottomley alifungwa mwaka 1922 kwa kuwadanganya watu fedha zao. Mwaka 1955 mwana wa Louis akawekwa katika cheo kile kile alichoondoka baba yake.

Basi, mithali yetu yasema laja. Uovu uliosemwa juu ya Louis haukuja. Yalikuja madhara ya kuusema.

Hatusemi kwamba wapelelezi hawako. Wako, na mwenye ushahidi na aupeleke kwa wenye amri, asiutembeze sokoni. Lakini barazani, hata kwa shauri la mbuzi mmoja, twamwuliza shahidi: uliona kwa macho yako, au ulisikia? Akisema nilisikia, twauliza kwa nani, na huyo naye huitwa. Jina la mtu lina thamani kupita mbuzi. Neno la namna hii likifika mlangoni petu, na tuulize vivyo hivyo. Na lisipopata mwenyewe wa kulisimamia, na likome hapo kwetu.