Habari za Damu katika Biblia na Masikio ya Watoto Wetu



Tumepewa kazi ya kusema juu ya mafundisho ya watoto wadogo. Tumechagua ulizo moja ambalo wazazi wanatuletea mara nyingi: je, inafaa kuwasimulia watoto habari za mauaji zilizo ndani ya Maandiko Matakatifu? Kaini anamwua ndugu yake. Yeriko inaangamizwa pamoja na watu wake. Herode anawachinja watoto wa Betlehemu.

Wengine husema: tuziache zote, tufundishe upendo tu. Tunafahamu moyo wao. Lakini watoto wa Kashuga si wageni wa matisho. Tangu mwaka 1993 vita vimepita Masisi na Walikale mara nyingi, na kambi za wakimbizi zimejengwa kando ya nyumba zetu. Mtoto aliyelala porini akisikia masasi, akipewa Biblia isiyo na machozi, atafikiri kwamba Mungu hakuona yale aliyoyaona yeye. Anapashwa kujua kwamba Yezu naye alibebwa usiku na wazazi wake kukimbilia Misri. Na kwamba damu ya Abeli ilimlilia Mungu, naye akaisikia.

Basi, hatari haiko katika kutaja kifo. Iko katika kumzoeza mtoto kufikiri kwamba Mungu anapenda tuwaue watu wa kabila lingine. Habari za Yeriko na za Waamaleki zikisimuliwa bila maelezo, mtoto atauliza upesi: na Waamaleki wetu ni nani? Katika inchi ambamo jirani ameuawa kwa sababu ya lugha ya mama yake, jibu liko karibu mno. Mwezi wa tano mwaka 1996, katika Masisi yetu hii, watu walikimbilia monasteri ya Mokoto, na wengi wao wakauawa humo. Kwa hiyo neno hili si la vitabu tu.

Kanisa linatuonyesha njia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965, unafundisha kwamba vitabu vya Agano la Kale vina mambo yasiyo kamili na ya muda, lakini vinaonyesha jinsi Mungu alivyowalea watu wake. Na malezi huenda hatua kwa hatua. Mwaka 1971 Kanisa liliacha zaburi tatu zenye laana kali, yaani 58, 83 na 109, katika sala ya kila siku ya mapadri na watawa. Ikiwa wakubwa wamechaguliwa chakula, sembuse wachanga? Yezu mwenyewe, aliposoma Isaya katika sinagogi ya Nazareti, alikifunga kitabu mbele ya kufika kwenye neno la siku ya kisasi.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, vita vya Yoshua vingoje mpaka umri wa Kipaimara, mtoto anapoweza kupambanua. Pili, kila habari isimuliwe mpaka mwisho wake: Kaini alitiwa alama ili naye asiuawe, mkono wa Abrahamu ulizuiwa, gharika iliishia katika upinde wa agano. Tatu, tusiipambe damu kwa maneno mengi, bali tumwulize mtoto: katika habari hii, ni nani aliyelia, na Mungu alimtendea nini?

Watoto wetu wa Kizito-Anuarite wanabeba majina ya mashahidi wawili. Kizito, kijana wa miaka kama 14, alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Anuarite, mtawa wa Jamaa Takatifu, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Hatuwafichi watoto vifo hivyo. Lakini tunachoweka mbele yao ni uaminifu wa yule kijana na msamaha ambao yule mtawa alimpa mwuaji wake. Moto na silaha havipewi sifa. Tuisome Biblia nzima kwa kipimo hicho hicho.

Wazazi wapendwa, mtoto husikia mara ya kwanza habari za Mungu nyumbani, jioni, penye moto wa jikoni. Anayezisimulia amepanda mbegu. Mungu Mwenyezi atujalie tupande ile ambayo wajukuu wetu watakula matunda yake katika amani.