Mlo wa Katibu Aliye Safarini



Katibu wa chama cha msingi anayepeleka hesabu Moshi hubeba posho iliyotokana na kahawa ya wanachama. Akiugua tumbo njiani, mkutano hukosa taarifa na malipo ya wakulima huchelewa. Yampasa, basi, achague mahali pa kula kwa busara. Panapojaa madereva na wapagazi saa za mchana, chakula hakilali sufuriani. Mtori hupakuliwa ukiwa wa moto. Aangalie kama pana maji safi ya kunawa, na aipendelee chai iliyochemka kuliko maji ya jagi. Akisha kula, adai stakabadhi, hata ikiwa ni karatasi iliyotiwa sahihi tu. Mjumbe wa namna hiyo hulinda afya yake na mali ya wote.