Mungu wa Kila Asubuhi

Ujumbe uliotolewa Biharwe katika ibada ya maadhimisho ya ushirika wetu
Maandiko: 1 Wafalme 19:1–13, Yeremia 28 na 29, Isaya 49:14–16

 

Baba Askofu, wachungaji na mama wachungaji, wazee wa kanisa, wanakwaya, na ninyi wapendwa mliovuka mipaka kutoka Kongo, Rwanda, Burundi na Tanzania, karibuni Biharwe. Na ninyi wa Nakivale mlioamka usiku kutafuta gari, Mungu awabariki.

Leo nina neno moja tu. Mungu anasema nasi katika mambo ya kila siku. Mtu anayengoja ishara kubwa peke yake anaweza kupitwa na sauti ya Mungu asubuhi, mchana na jioni, halafu akasema Mungu amenyamaza.

Hapa tulipokutana pana historia. Mliokuja kwa barabara ya Masaka mmeuona ule mnara. Ni ukumbusho wa kupatwa kwa jua, na wanahistoria wanasema ilikuwa tarehe 17 Aprili 1520. Masimulizi ya wazee wa Ankole ni kwamba mfalme Olimi wa Bunyoro alikuja na jeshi, akapigana, akateka ng'ombe. Alipofika hapa Biharwe, mchana, jua likazimika. Jeshi likashikwa na hofu, wakakimbia, ng'ombe wakabaki. Watu wa Nkore wakawapata ng'ombe bila kurusha mkuki.

Ni habari kubwa, na mnara unastahili. Lakini fikirini pamoja nami. Giza lile lilikaa dakika chache. Tangu siku ile, zaidi ya miaka 500, jua limechomoza hapa kila asubuhi, na asubuhi hizo hakuna aliyezijengea mnara. Sasa niulize: matoke yaliyojaa kwenye vilima hivi yamekomazwa na nini? Na zile dakika za giza, au na hizi asubuhi ambazo hakuna anayezihesabu? Mwambie jirani yako: ni asubuhi!

Sisi ni Wapentekoste. Tunaamini ishara na maajabu, na humu ndani wamo walioponywa. Lakini mwangalieni Eliya. Aliona moto ukishuka Karmeli. Ukifungua sura inayofuata, yuko chini ya mti anaomba afe. Mungu akamtendea nini? Hakumshushia moto wa pili. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Kule Horebu upepo ulipita, tetemeko likapita, moto ukapita, na Bwana hakuwamo. Alisema naye kwa sauti ya chini. Na Yesu Bwana wetu alifundisha kwa chachu, wavu, taa na mbegu ya haradali, vitu vilivyokuwa mikononi mwa watu. Angehubiri Nakivale leo, nadhani angeanza na jerikeni.

Somo la kwanza: jerikeni

Watanzania mnaiita dumu, ndugu wa Kongo mnaiita bidoni, lakini foleni ni ile ile. Zimepangwa mstari, kila moja na alama ya mwenyewe: kitambaa kwenye mkono, rangi, au jina. Sasa, ni ipi inayopelekwa bombani? Ile tupu. Iliyojaa haina kazi kwenye foleni. Yule mjane wa 2 Wafalme 4 aliambiwa aazime vyombo vitupu, na mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Wengine tunakuja ibadani tumejaa. Tumejaa kisasi, tumejaa kabila, tumejaa maneno juu ya jirani aliyesogeza mpaka wa shamba. Halafu tunauliza mbona Roho hashuki. Mwaga kwanza.

Tena, maji ya ziwa letu yana tope. Hata kwenye mtambo wanakotia dawa, lazima maji yapewe muda, tope lishuke chini. Ukiyakoroga, unaanza upya. Wapendwa, moyo uliotoka vitani una tope. Wamo humu walioona mambo ambayo mdomo unakataa kuyasema. Mpe Mungu muda wa kimya, hata dakika 10 kabla ya watoto kuamka. Na kutulia siyo kujificha. Tafuta mama mmoja au mzee mmoja wa kanisa mwaminifu, umweleze. Na kama usingizi umekataa kabisa, nenda kituo cha afya. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu.

Somo la pili: kidole

Tangu uhakiki wa mwaka 2018, wakimbizi nchini Uganda tunatambuliwa kwa alama za vidole na kwa macho. Siku ya mgao unaweka kidole kwenye mashine. Lakini mnajua mikono yetu. Jembe limeilamba, mawe na simenti vimeikwangua, alama zimefutika. Mashine inakataa. Mama anapangusa kidole kwenye kitenge, anajaribu tena, na nyuma watu wameanza kunung'unika.

Hapo pana mambo mawili. Kwanza, kidole hakiazimwi. Huwezi kwenda na kidole cha jirani. Vivyo hivyo imani ya mama yako haikutoshi wewe, kijana. Mama anaweza kukuombea usiku kucha, lakini kumpokea Yesu ni kidole chako mwenyewe.

Pili, mashine ikishindwa kukutambua, yuko anayekutambua. Katika Isaya 49 watu wa Sayuni walisema Bwana amewasahau. Akawajibu kwamba amewachora kwenye viganja vyake. Sikia vizuri, mama yangu. Alama ya mkono wako inaweza kufutika. Iliyo mkononi mwake haifutiki, kwa maana mkono ule ulipita msumari. Sema amina!

Somo la tatu: sanduku la kufuli tatu

Wengi wetu tuko kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Hata mwenyekiti hawezi kufungua peke yake. Ili sanduku lifunguke, ni lazima tukae pamoja.

Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitupanga katika makundi matatu kwa kiasi cha uhitaji, na kundi la tatu likaacha kupokea. Zilikuwepo nyumba ambazo sufuria ilikaa kando ya mafiga, haina kazi. Tuliomba. Tulifunga, na wengine tulifunga bila kupenda. Na Mungu akajibu vipi? Sikusikia kwamba malaika alishuka na gunia. Nilichokiona ni jirani anavuka barabara na bakuli la unga amelifunika kwa kitambaa ili mwenzake asione aibu. Nilichokiona ni kikundi kinafungua mfuko wa jamii kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Usiseme Mungu hakujibu kwa sababu jibu lilikuja limevaa kandambili! Ndivyo kanisa la Matendo 4 lilivyoishi.

Na ushirika wetu ni sanduku hilo. Ufunguo mmoja uko Kongo, mwingine Burundi na Rwanda, mwingine Tanzania na kwa ndugu zetu wa Uganda, ambao nchi yao inapokea watu Nakivale tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Siku tutakapoanza kusema "hawa siyo watu wetu", baraka zitakuwemo sandukuni, lakini halitafunguka.

Neno gumu

Sasa mnivumilie. Kati yetu wapo wanaouza ishara. Anakwambia, "Nimeona ndege. Nimeona jina lako. Toa mbegu ya laki moja." Mama anauza mbuzi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamemaliza kila hatua wakafutiwa safari. Kuna aliyekuwa ameshagawa vyombo na kuacha shamba. Aliyetabiri ndege hakurudisha mbuzi.

Kuomba safari siyo dhambi. Omba, fuata utaratibu, weka karatasi zako vizuri. Lakini jueni: huduma za UNHCR hazilipiwi. Mtu anayetaka pesa ili jina lako lipite ni mwizi, hata kama ameshika Biblia.

Jambo hili siyo geni. Soma Yeremia 28. Watu walikuwa wamechukuliwa uhamishoni Babeli, na nabii Hanania akasema miaka miwili tu, vyote vitarudi. Watu walifurahi, si ndiyo? Yeremia akawaandikia barua, sura ya 29: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozesheni watoto, uombeeni mji mliomo, maana ni miaka 70. Hanania ndiye aliyekuwa na ujumbe mtamu. Yeremia ndiye aliyetumwa na Mungu. Na yule yule Mungu aliyesema pandeni bustani, katika barua ile ile aliahidi kuwarudisha. Kwa hiyo kupanda siyo kukata tamaa. Usiache maharagwe yako yaliwe na magugu kwa sababu unangoja ndege. Ndege ikija, itakukuta umeshiba.

Tufanye nini?

Nawapa kazi moja ya nyumbani. Jioni kabla ya kulala, kila mtu katika nyumba ataje kitu kimoja alichoona leo ambamo Mungu alikuwepo. Mtoto aanze. Asirudie cha jana. Mwenye kujua kuandika aandike kwenye daftari la shule: "Leo bomba lilitoka maji hadi mwisho wa foleni." "Leo jirani wa Kisomali alitupa chumvi." Itakapokuja siku ya giza, na itakuja, mfungue daftari hilo na kulisoma kwa sauti. Giza huisha, na daftari litakuonyesha asubuhi ni nyingi kuliko giza.

Tusimame, tuombe.

Baba, tunakushukuru kwa yale makubwa uliyotenda katika ushirika huu. Leo tunakushukuru zaidi kwa yale madogo tuliyoyapita bila kuyaona. Utufungue macho kwenye foleni, shambani na jikoni. Uwalinde wanaorudi kwao ng'ambo ya mipaka. Wenye njaa uwashibishe, na kama jibu lao limo mikononi mwetu, usituache tulale nalo. Katika jina la Yesu. Amina.