Maumivu ya Kiuno: Kutoka Uwanja wa Gofu Hadi Shambani

(Mazungumzo tuliyotoa sisi wahudumu wa afya mbele ya vikundi vya kujisaidia)



Tuliposema kwamba tutaanza na mchezo wa gofu, mama mmoja alicheka akauliza, "Gofu ni ya matajiri, sisi yatuhusu nini?" Swali zuri. Lakini hapa pwani yetu, Malindi kuna uwanja wa gofu, na Vipingo kuna uwanja ambao Desemba 2019 ulipokea wanawake wanaocheza kwa kulipwa kutoka nchi nyingi, akashinda Mjerumani Esther Henseleit. Mchezaji akipiga mpira, kuna mtu nyuma yake amebeba mfuko. Huyo ni kedi, na mara nyingi ni kijana wa kijiji cha karibu. Kiuno kikimkataa, siku hiyo hakuna mshahara.

Kwanza tumtazame mchezaji mwenyewe. Anainama, anapinda kiwiliwili kulia, kisha anakifyatua kushoto kwa nguvu zote. Halafu anarudia, tena na tena, upande uleule. Kiuno kina pingili tano, na kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini chenye ukingo mgumu, kama mto wa kukalia. Mto huo wavumilia sana uzito wa kushuka moja kwa moja. Usichopenda ni kuinama na kujipinda kwa wakati mmoja, mara nyingi, bila kupumzika. Mcheza tenisi naye, anapoanzisha mpira, hujikunja kwenda nyuma huku anajizungusha. Vijana wanaofanya hivyo kupita kiasi huweza kupata ufa katika mfupa wa pingili.

Msidhani ni udhaifu wa mtu mvivu. Tiger Woods wa Marekani alipasuliwa mgongo mara ya kwanza 2014, na mwaka 2017 madaktari wakaunganisha mifupa ya chini ya uti wake. Mwaka 2019 akashinda tena mashindano ya Masters. Andy Murray wa Uingereza alishinda tenisi ya Wimbledon Julai 2013, na Septemba mwaka uleule akapasuliwa mgongo. Hao wana madaktari wao wa kuwafuata kila mahali. Kedi wetu ana mfuko wa kilo 10 au zaidi, begani, kwa mwendo wa mashimo 18, yaani kilomita nane hivi na kupita.

Sasa mama aliyecheka, tuje kwako. Wapalilia mahindi kwa jembe la mpini mfupi. Unainama, unavuta, unajipinda, upande uleule tangu asubuhi. Si ndiyo? Ukitoka hapo kuna mtungi wa maji wa lita 20, nao ni kilo 20, zaidi ya mifuko mingi ya gofu. Na vijana wanaochimba mawe ya kujengea, hao tusiseme. Mchezo ni mmoja, ila ninyi hampigiwi makofi.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Habari njema ni kwamba maumivu mengi hupungua yenyewe katika wiki chache. Zamani mgonjwa aliambiwa alale kitandani. Siku hizi twajua kulala siku nyingi kunakaza mgongo na kunamchelewesha. Endelea na kazi ndogondogo, tembea. Huko Australia watafiti waliwafuatilia watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno. Matokeo yalitolewa 2024: waliopewa mpango wa kutembea walikaa siku 208 hivi kabla ya maumivu kurudi, na wasiopewa siku 112. Kutembea hakulipiwi, jamani.

Ile mikanda ya kiuno inayouzwa sokoni, tungependa muweke pesa zenu. Shirika hilohilo, katika mwongozo wake wa Desemba 2023, halishauri itumiwe kama matibabu ya kawaida. Na vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni si peremende. Kumeza kila siku ili uweze kulima kunachoma tumbo na kunaumiza figo. Sindano ya dukani, hapana kabisa.

Lakini kuna kiuno kisichongojewa. Mtu akifa ganzi sehemu za siri, au mkojo na choo vikimtoka bila kujua au mkojo ukigoma, au miguu ikilegea, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Anayeumwa kiuno huku akikonda, akitoka jasho usiku na kuwa na homa, apimwe kifua kikuu, kwa maana ugonjwa huo huingia hata katika uti wa mgongo ukaupinda. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali. Na mgema akianguka mnazini, msimkalishe wala kumbeba mgongoni. Mlazeni juu ya ubao, shingo na mgongo vimenyooka.

Mnamkumbuka yule mama wa Luka sura ya 13, aliyepinda mgongo miaka 18? Hatusomi kwamba kuna mtu aliyemleta mbele. Yesu mwenyewe ndiye aliyemwona na kumwita. Katika vikundi vyetu wako akina mama wa namna hiyo, nasi tumezoea kusema, "Ni uzee tu."

Kwa hiyo twaomba vikundi vizungumze juu ya mambo mawili katika pesa za mzunguko: majembe ya mpini mrefu, na mkokoteni mmoja wa maji kwa kila kikundi. Makedi, vaeni mikanda yote miwili ya mfuko, na kama mko na kamba moja badilisheni bega njiani. Wenye jembe, badilisheni mkono wa mbele.

Haya, tumeleta mtungi umejaa. Aje mmoja auinue: miguu uipanue, kunja magoti, uuvute karibu na tumbo, halafu inuka. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo, usipinde kiuno. Mama uliyecheka, karibu uanze wewe.