Mududu wa mahindi: tumukamate akiwa mudogo



Mvua imeanza. Ninyi wazee munajua mvua kunipita mimi, kwa hiyo sitasema juu ya siku ya kupanda. Neno langu ni juu ya majuma yale yanayofuata, mahindi yakiisha kuota. Wanaume wengi wako kwenye mashimo ya shaba na kobalti. Shamba linabaki na mama peke yake, naye ana maji, ana kuni, ana watoto. Basi nani anaangalia ndani ya mahindi? Hapo mududu anapata nafasi yake.

Mududu huyu si kiwavi cha zamani, wala si wale tunaookota porini kula na bukari. Alitoka Amerika. Mwaka 2016 alionekana mara ya kwanza katika Afrika, upande wa magharibi. Mwaka 2017 alikuwa amekwisha kufika Congo na Zambia. Mama yake ni kipepeo wa usiku, wa rangi ya majivu. Upepo ukimusaidia, anaweza kuruka karibu kilometa 100 kwa usiku mumoja. Kwa hiyo musitafute muchawi, wala musiseme jirani amewatumia.

Mutamujua kwa alama mbili. Usoni ana mistari myeupe kama kijiti chenye panda kilichopinduliwa. Mugongoni, karibu na mukia, ana madoa 4 meusi yaliyokaa kama pembe nne za sanduku.

Sikieni namna anavyoishi, maana dawa yake iko hapo. Kipepeo anataga mayai 100 au 200 pamoja juu ya jani, mara nyingi upande wa chini, na kuyafunika kwa manyoya kama ukungu. Baada ya siku 3 hivi wadudu wanatoka. Wakiwa wadogo wanakwangua jani tu, linabaki na madirisha meupe. Halafu wanaingia katika moyo wa mahindi, pale majani mapya yanapotokea. Humo wanakulana wao kwa wao, mara nyingi anabaki mumoja tu, munene. Mukiona takataka kama unga wa mbao katika moyo ule, yeye yuko ndani, amejifungia mulango. Hata dawa ya dukani haimufikii vizuri tena.

Basi tangu mahindi yanapoota, mupite shambani mara 2 kila juma. Musipite pembeni tu. Muingie katikati, mugeuze majani. Mayai muyaponde kwa vidole; ponda moja linaua wadudu 100, hakuna dawa yenye bei ndogo kama hiyo. Mahali penye madirisha meupe, mutie majivu yaliyopoa au muchanga mukavu katika moyo wa mahindi, kidogo tu, kama chumvi ya muboga. Majivu mengi yanaunguza jani.

Musiue siafu na chungu wanaopanda juu ya mahindi. Wanakula mayai na wadudu wadogo. Na desturi ya wazee ya kupanda maharagi katikati ya mahindi, mimi naisifu.

Tena musingʼoe mahindi kwa sababu majani yametobolewa. Mahindi yenye nguvu yanapona na kuzaa. Nimeona mutu akifyeka shamba zima kwa huzuni, na jirani aliyengoja akavuna.

Neno la chupa zisizo na karatasi, zinazouzwa sokoni: msinunue. Hamujui iliyo ndani, na mutoto anaweza kuinywa.

Wengine wananiambia, «Bwana wangu anachimba, tutanunua unga.» Unga mwingi wa bukari katika miji yetu unatoka Zambia. Mwaka 2024 jua kali liliunguza mahindi ya Zambia, nao wakakosa ya kwao wenyewe. Mwaka kama ule, hata mwenye feza anarudi na mufuko mutupu.

Ninyi wababa mulioko hapa leo, mukienda kwenye mashimo, mupatane kwanza nyumbani: siku gani mutarudi kuangalia, na siku gani mama na dada wataangalia.

Kesho asubuhi, mbele ya jua kuwa kali, tutaanza katika shamba la karibu na njia. Kila mutu alete majivu yaliyopoa ndani ya kopo.