Mtoto Asiyeona Naye Ajenge
Mazungumzo kwa wazazi na walimu wa chekechea, mitaa ya Eastlands



Jioni yoyote kule Kaloleni, Jericho au Umoja, watoto huwa chini wakijenga: gari la waya, nyumba ya visanduku vya viberiti, mnara wa vifuniko vya soda. Asiyeona mara nyingi ameketishwa kando kwenye stuli, ameambiwa atulie asije akaumia. Huo ni upendo, lakini unamgharimu. Mtoto huyo atasoma Braille kwa ncha za vidole. Vidole ambavyo havijawahi kupanga wala kupachika chochote hufika darasani vikiwa vigeni kwa kazi hiyo.

Shida ya vifaa vya kujengea si vipande vyenyewe. Mkono huvitambua vizuri. Shida ni maelekezo, karatasi za picha tupu. Matthew Shifrin, Mmarekani asiyeona, alilijua hilo tangu utotoni. Alipotimiza miaka 13, rafiki wa familia, Lilya Finkel, alimletea jalada la maelekezo aliyoyaandika mwenyewe kwa Braille. Kwa mara ya kwanza kijana akajenga peke yake. Mwaka 2019 kampuni ya LEGO ilianza kutoa maelekezo ya sauti na ya Braille, na 2023 ikaanza kuuza matofali ambayo vinundu vyake ni herufi za Braille. Herufi ya kawaida imechapishwa papo hapo, ili ndugu anayeona acheze naye.

Bei yake si ya kila nyumba. Lakini kazi ya Lilya haikuhitaji kiwanda.

Ombeni mabaki ya mbao kwa mafundi wa Gikomba, kisha mvipige msasa visichome. Sinia yenye ukingo huzuia vipande visipotee. Bandikeni kitambaa kwenye vipande vyekundu na karatasi ya msasa kwenye vya buluu. Halafu semeni: "Laza kipande kirefu mbele yako. Weka kifupi juu yake, mwisho wa kushoto." Kumwambia "weka hapa" ni kumwacha gizani. Msimshike mkono mkamjengea. Na mnara ukianguka, mwacheni aokote mwenyewe, wenzake huokota.

Trei ya mayai nayo ina kazi. Kateni mashimo sita, safu mbili zilizosimama, kila moja mashimo matatu. Mpira mdogo kwenye shimo la juu kushoto ni herufi a. Ongezeni mwingine chini yake, ni b. Kwa mtoto ambaye bado hutia vitu mdomoni, tumieni vipande vikubwa tu.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutumia Braille na kupata vifaa vinavyomsaidia. Elimu ya chekechea iko chini ya kaunti, kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza vifaa hivyo katika shule ya mtaani kwake. Tathmini ya mtoto hufanywa katika Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyoko Kasarani. Mpelekeni mapema, kabla ya umri wa kuanza shule.