Ndani ya seli: kutoka pamba ya Shinyanga hadi vumbi la machimbo

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Geita)

Kaeni. Wa nyuma mnanisikia? Haya.

Mwalimu wenu wa Baiolojia ameniomba nizungumze juu ya seli. Nikamwambia, si wameshaisoma? Akasema wameisoma, wameichora, wameiwekea majina yote kwa Kiingereza, na kwenye mtihani wanapata alama. Ila ukiwauliza inawahusu nini, kimya. Basi leo hatuchori.

Tuanze na pamba. Nyinyi mliotoka Kahama na Kishapu mmeichuma tangu wadogo. Chukua mbegu moja ya pamba ambayo haijachambuliwa. Zile nywele nyeupe unazoziona, kila unywele ni seli moja. Moja tu! Inaota kutoka kwenye ngozi ya mbegu, inarefuka mpaka sentimita 2 au 3, halafu inakufa na kukauka. Kinachobaki ni ukuta wake, ambao karibu wote ni selulosi. Kwa hiyo shati la pamba ni kuta za seli zilizosokotwa uzi. Wanaosema seli haionekani kwa macho, waonyesheni shati.

Ukuta huo ndio tofauti kubwa kati ya seli ya mmea na ya mnyama. Ndani ya ukuta kuna utando mwembamba unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Katikati ya seli ya mmea kuna mfuko mkubwa wa maji, yaani vakuoli. Maji yakijaa yanasukuma ukuta, mchicha unasimama wima. Jua likiyakausha, mchicha unalala. Hata michembe ni somo. Ukiiloweka inavimba kwa sababu kuta zimebaki. Lakini kuipanda haioti, maana utando ulishakufa pale juani.

Seli za majani zina pia kloroplasti, zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Hizo wewe huna, ndiyo maana unapiga foleni ya ugali.

Ulicho nacho sawasawa na mmea ni kiini, kinachotunza maagizo ya kazi zote za seli, na mitokondria, zinazotoa nguvu kutoka kwenye chakula. Utando unao pia. Ukuta huna, seli zako ni laini. Na ulaini huo una faida: seli ya mnyama inaweza kujikunja, kutembea, hata kumeza kitu. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo tunapofika machimboni.

Ndani ya mapafu yako kuna seli za ulinzi zinazotembea kwenye vile vifuko vidogo vya hewa. Zikikuta kijidudu, zinakizunguka, zinakimeza, na kukimeng'enya kwa maji makali yaliyomo kwenye vifuko vyao vya ndani. Kazi safi. Sasa njoo kwenye karasha, au kwenye duara wanapotoboa mwamba mkavu. Lile jiwe jeupe linalobeba dhahabu lina silika nyingi. Likisagwa linatoa vumbi jembamba kiasi kwamba chembe zinazoumiza zaidi huzioni kabisa. Seli ya ulinzi inameza chembe kama ilivyozoea. Lakini jiwe halimeng'enyeki. Vile vifuko vinapasuka, maji makali yanamwagika ndani ya seli yenyewe, seli inakufa. Chembe inabaki nzima, inamezwa na seli nyingine, nayo inakufa. Mwili unaziba majeraha hayo kwa makovu, na pafu lenye makovu halivuti hewa. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Halafu, kwa kuwa walinzi wamekufa, kifua kikuu kinapata mlango wazi.

Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii chembe hizo. Kumwagia jiwe maji kabla ya kulitoboa au kulisaga kunapunguza vumbi sana. Na ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya serikali.

Sasa zebaki. Inapochomwa kutenganishwa na dhahabu, mvuke wake hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta, sehemu kubwa inaingia kwenye damu. Ule utando niliosema unachagua? Mvuke wa zebaki unaupita kirahisi. Ukishakuwa ndani ya seli unabadilika, unanasa, na kung'ang'ania protini ambazo seli inazitegemea kwa kazi. Figo zinaumia, na ubongo pia. Seli za ngozi zikifa zinaota nyingine, ndiyo maana kidonda kinapona. Seli za ubongo zilizokufa, kwa sehemu kubwa, hazirudishwi. Mtu anaanza kutetemeka mikono, kusahau, kukosa usingizi, kuwa na hasira. Majirani wanasema karogwa. Kwa mama mjamzito, zebaki inapita hadi kwa mtoto tumboni.

Najua baadhi yenu Jumamosi mnakwenda mwaloni kutafuta hela ya madaftari. Sikuja kuwakaripia, shida ya nyumbani naijua. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi machimboni, na sasa mmeona sababu yake imeanzia ndani ya seli. Nyumbani mwambieni baba au kaka asichome zebaki jikoni wala uani watoto wanapocheza. Kuna chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba la kupooza mvuke ili urudi kuwa zebaki. Wazee wengi wanakubali wakisikia kwamba zebaki inaokolewa na kutumika tena.

Maswali? Ndiyo, dada pale dirishani.

"Mwalimu, mtu aliyekwisha kuvuta zebaki atajuaje?"

Hupimwa kwenye mkojo. Ukienda hospitali mweleze daktari kazi unayofanya, maana asipoambiwa anaweza kukupima malaria tu na kukurudisha nyumbani. Jambo la kwanza ni kukaa mbali na mvuke.

Wewe, kaka.

"Wachimbaji wanasema ukinywa maziwa vumbi linaoshwa kifuani. Ni kweli?"

Nilikuwa nalingoja hilo. Maziwa ni chakula kizuri, kunywa. Lakini yanapita koromeo la chakula kwenda tumboni, na vumbi limepita koo la hewa kwenda mapafuni. Ni bomba mbili tofauti. Siku ambayo maziwa yatafika mapafuni utakuwa umepaliwa, na hutauliza habari ya vumbi.